Kabla ya kumkaribisha gambusia, tumtazame sato

Kila mvua za masika zinapoanza, malambo ya kunyweshea mifugo na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wadogo katika wilaya za Tarime na Serengeti hujaa maji. Mfugaji hufurahi. Mbu naye hufurahi. Ndipo hujitokeza mtu mwenye jibu rahisi: leteni gambusia, yule samaki mdogo anayekula viluwiluwi vya mbu, mmwage majini, malaria itapungua.

Kwa maoni yangu, jibu hilo linaweza kutugharimu kuliko mbu wenyewe.

Kwanza tumfahamu samaki huyu. Asili yake ni kusini mwa Marekani na Mexico. Dume hufikia sentimita 4 hivi, jike hufika 6 au 7. Hatagi mayai kama sato au kambare, bali huzaa. Mayai hurutubishwa na kukua tumboni mwa jike, na baada ya wiki 3 hadi 4 hutoka watoto wanaojua kuogelea na kujitafutia chakula papo hapo. Katika maji ya joto, watoto hao nao huanza kuzaa kabla ya miezi miwili kupita. Zaidi ya hayo, jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba jike mmoja tu aliyekwisha pandwa, akitoroka na mafuriko, anatosha kuanzisha ukoo mzima mtoni.

Kwa sifa hizo alisambazwa duniani kote tangu mwanzoni mwa karne iliyopita ili kupambana na malaria. Alifika Hawaii mwaka 1905, na miaka ya 1920 alikuwa Hispania na Italia. Viluwiluwi alikula kweli. Lakini alikula pia mayai na watoto wa samaki wengine na wa vyura, na kuwang'ata mapezi samaki wakubwa kuliko yeye. Leo yumo katika orodha ya viumbe 100 wageni waharibifu zaidi duniani, na Shirika la Afya Duniani halimpendekezi tena.

Katika orodha hiyo hiyo yumo sangara. Sisi wa Mara hatuhitaji kuelezwa hadithi hiyo. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Sangara alituachia angalau viwanda na fedha za kigeni. Gambusia, mwenye urefu wa kidole, atatuachia nini?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji haponi. Na wenyeji tunao. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza aina mpya ya samaki mdogo, Nothobranchius attenboroughi, anayeishi katika madimbwi ya msimu ya Mto Grumeti na vijito vingine vinavyoingia Ziwa Victoria upande wa mashariki, wengi wao wakiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mayai yake hukaa kwenye tope lililokauka hadi mvua irudi. Samaki wa jamii hiyo ni walaji wa viluwiluwi pia. Mtafiti Vanderplank aliandika juu yao katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Sasa tufanye nini? Jirani zetu wa Kisii, ng'ambo ya Sirari, wamekwisha tuonyesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliweka sato katika mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Na tofauti na gambusia, sato unamla na kumuuza.

Ni kweli sato naye aliletwa ziwani miaka hiyo hiyo ya 1950. Lakini amekwishakuwepo, na afugwe bwawani tu, si katika madimbwi ya msimu. Mwenye bwawa asiliache liote majani, kwa sababu viluwiluwi hujificha kwenye nyasi za kingoni asikofika samaki. Mashimo ya dhahabu yafukiwe. Samaki wa kwenye maji yenye zebaki si kitoweo. Na tusijidanganye: mbu wa malaria huzaliana hata katika alama ya kwato la ng'ombe, ambako hakuna samaki atakayefika. Chandarua kiendelee kutumika.

Rai yangu kwa madiwani na maofisa uvuvi wa Tarime na Mugumu ni hii: fedha ambayo ingenunua gambusia inunue vifaranga vya sato kwa vikundi vyenye mabwawa yaliyokufa. Na kwa mkulima: ukiletewa samaki hai usiyemjua kwenye ndoo, muulize ofisa uvuvi kabla hujammwaga. Mto Mara unapita katikati ya wilaya zetu mbili kwenda ziwani. Kitakachoingia humo leo, wajukuu hawataweza kukitoa.