Pumzi Pekee Haimtoshi Mwandishi

Dai kwamba mwandishi mwenye wasiwasi anahitaji tu kutulia na kufuata pumzi yake ni nusu ya ukweli. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Mwalimu wa kutafakari Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya kufuata pumzi huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na yanasaidia. Lakini kwa mwandishi wa mtandaoni wa Kiamunyi, Nakuru, muda wa kazi inayotakiwa saa sita usiku kwa saa za New York huisha saa moja au saa mbili asubuhi kwa saa za kwake. Basi hukesha. Hakuna pumzi inayorudisha usingizi huo, wala malipo yaliyocheleweshwa. Kumwambia atulie bila kugusa ratiba na mkataba wake ni kumtwika lawama isiyo yake. Mazoezi yaendelee, ila usingizi na malipo ya haki vitangulie.