Video ya Kupamba Inapokwamakwama

Video ya kupamba wengi wetu hatuipeleki studio. Huihariri nyumbani kwa ajili ya sitara. Taabu ni kompyuta: bibi harusi yuko mlangoni, mara yuko jukwaani, na vigelegele vyapitana na midomo. Usinunue mashine mpya bado. Simu huibana mno video, hasa ya 4K, na kompyuta hulemewa kuifumbua. Katika Shotcut, programu ya bure, ingia Settings uwashe Proxy kabla ya kuingiza video. Itaunda nakala nyepesi za kufanyia kazi; video ya mwisho hutolewa kutokana na zile asili, ubora usipungue. Kuziunda huchukua muda. Mimi huiacha usiku. Nakala hizo husalia ndani ya kompyuta, basi zifute kabla haijaenda kwa fundi.