Nani Alitia Sahihi?

Wako wananchi wanaoamini kwamba mageuzi yalikamilika mwezi wa Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Wengine husema yalikamilika tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipotangazwa rasmi. Mimi nathubutu kusema kwamba kuna chumba kimoja ambacho mageuzi hayajaingia, nacho ni chumba cha afisa anayetia sahihi vibali vya matumizi ya ardhi. Humo hamna kura wala mkutano wa hadhara, na mara nyingi majirani wa kiwanja huyajua yaliyoamuliwa siku wanapouona moshi.

Ushahidi hatuna haja ya kuutafuta mbali. Ng'ambo ya kisiwa chetu, upande wa Jomvu, kipo kijiji cha Owino Uhuru chenye wakazi wapatao 3,000. Kufikia mwaka 2006 nchi yetu ilikuwa imeachana na petroli iliyotiwa risasi, kwa sababu madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa salama. Mwaka uliofuata, 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi hiyo hiyo kikaanza kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Risasi ya bunduki ina mlio, na mtu aweza kukimbia. Risasi hii ilipaa na moshi, ikateremka na maji, ikatua katika vumbi wanamochezea watoto.

Bi. Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, alishauri kihamishwe, wala hakusikizwa. Baadaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini. Mama huyo akawaunganisha wakazi. Mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwatunukia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaagiza udongo na maji visafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kilipowasha tanuri alikuwa amekaribia umri wa kuchukua kitambulisho.

Twaishukuru mahakama, lakini tusijidanganye. Hukumu huja baada ya maradhi, na hakuna hakimu awezaye kuitoa risasi katika mfupa wa mtoto. Mahali pa kumlinda mtoto yule palikuwa mezani, kabla ya muhuri kugonga karatasi. Wala sheria hazikukosekana. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 1996 ilidai idhini ya serikali ya mtaa kabla ya ujenzi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilidai tathmini ya athari. Kilichokosekana ni jirani kuulizwa na sauti yake kupewa uzito.

Wasomaji wa Biblia wanakijua kisa cha Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la jirani yake, na Yezebeli hakutuma jeshi kulichukua. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, zikapelekwa kwa wazee wa mji, na wazee wakatenda kama walivyoandikiwa. Kila hatua ilikuwa na sura ya utaratibu, na mwisho wake mtu asiye na hatia alikufa. Dhuluma iliyovaa joho la utaratibu ndiyo ngumu kuliko zote kuitambua.

Sisi wa Ganjoni tusiseme kwamba hayo ni ya bara. Tumepakana na Mbaraki na maghala yake, na malori yaendayo Kilindini yanapita karibu nasi. Eneo la viwanda vyepesi ni mahali pa seremala, fundi cherehani, bekari na ghala. Viwanda vizito ni vile vya tanuri, tindikali na moshi. Hila hupita katikati ya hayo mawili. Ombi huandikwa "kiwanda" au "karakana", hutangazwa kwa Kiingereza cha mawakili, na asubuhi moja mashine zisizotazamiwa hushushwa. Kiwanja kilichotengwa kwa kazi nyepesi hugeuzwa kwa sahihi moja, na hakuna anayebisha kwa kuwa hakuna aliyeelewa.

Watatuambia kwamba twapinga maendeleo na kuwanyima vijana ajira. La hasha. Kiwanda kizito kina mahali pake, mbali na vitanda vya watu, penye njia ya kusafisha maji yake na moshi wake. Wafanyakazi wa kiwanda kile walikuwa miongoni mwa wa kwanza kudhurika. Kazi inayomlipa baba mshahara na kumrudisha nyumbani na sumu katika nguo zake ni mkopo ambao mtoto ndiye anayeulipa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Owino Uhuru mwekezaji alikuja, na mwenyeji akaugua. Nami nauliza: mbona tanuri lile halikujengwa ufukoni kwa Mama Ngina? Jibu tunalijua sote. Ramani ya mji hufuata ramani ya unyonge.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila parokia, kila kanisa na kila msikiti uwe na mtu mmoja wa kufuatilia matangazo ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na matangazo hayo yasomwe mbele ya waumini kwa Kiswahili. Pili, pingamizi liandikwe, lipelekwe, na nakala igongwe muhuri wa kupokewa. Malalamiko ya mdomo hayana shahidi. Tatu, tukumbuke siku. Chini ya sheria ya mwaka 2019, asiyeridhika na kibali cha kaunti ana siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati husika. Siku hizo hupita upesi kuliko matanga. Nne, kila anayekuja kuomba kura ya udiwani aulizwe waziwazi ni vibali gani vimetolewa katika wadi yake, na nani alivitia sahihi.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Waliopigwa virungu siku ya Saba Saba mwaka 1990 hawakupigania karatasi ya kura peke yake. Walidai kwamba asiwepo mtu wa kuamua juu ya maisha yao pasipo wao. Dai hilo halijalipwa. Juma hili, mwendee jirani yako uliye naye ukuta mmoja na kiwanja kitupu, mkaulize pamoja kilichoombewa mahali pale.