SWALI LA NUSU LINAZAA JIBU LA NUSU

Ndugu mtumikaji, mama wa nyumba, na wewe kijana unayewasomea wazazi wako ukurasa huu: leo sitasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Nataka tuongee juu ya telefone.

Tangu mwezi wa 11 wa mwaka 2022, wakati ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, mashini za kujibu maswali zimeingia hata katika kambi zetu. Nyingine zimefuata, na sasa zinakaa ndani ya telefone pamoja na picha za harusi na nyimbo za kanisa. Mtoto anaiuliza hesabu ya shule. Mama anaiuliza homa ya mtoto. Baba anatoka kazi ya usiku, anaiuliza kikohozi chake. Kisha wanakuja kwenye dispanseri na kuniambia: «Mganga, telefone imesema.»

Wenzangu wengine wanakasirika wakisikia hivyo. Mimi sikasiriki. Mtu anayeuliza anataka kujua, na anayetaka kujua ameanza kujichunga. Lakini nina neno moja la kuwaambia, na ninalisema kwa nguvu: mashini haioni mtu, inaona tu kile ulichoipa. Ukiipa nusu ya habari, itakupa nusu ya jibu, nayo italisema kama mtu anayejua yote.

Sikiliza. Papa mmoja alileta mtoto wa miaka miwili. Homa ilikuwa katika siku ya nne. Siku ya pili, papa huyo alikuwa ameandika katika telefone: «Mtoto ana homa, meno yanatoka, nifanye nini?» Mashini ilimjibu kwa upole: mpe maji, mpumzishe, mwangalie. Kwa swali lile, jibu halikuwa la ajabu. Lakini papa hakuandika kwamba mtoto alikuwa anatapika kila kitu. Hakuandika kwamba amekataa kunywa. Hakuandika kwamba chandarua kilipasuka tangu zamani. Alipofika kwetu, viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe na kichwa kilikuwa kinaanguka begani. Kipimo cha haraka cha tone la damu kilionyesha malaria. Tulimpeleka hospitali saa ile ile.

Mtoto alipona, asante kwa Mungu. Lakini siku mbili zilipotea, na malaria ya mtoto mdogo haina desturi ya kungoja.

Kesho yake, papa na mimi tulikaa kwenye benchi la hospitali, tukaandika swali upya katika telefone yake. Tuliweka miaka ya mtoto, kilo zake, siku za homa, kutapika, kukataa kunywa, usingizi mzito, viganja vyeupe. Mstari wa kwanza wa jibu ulisema: peleka mtoto hospitali sasa hivi. Mashini ilikuwa ile ile, telefone ile ile. Swali ndilo lililobadilika. Papa alinyamaza, kisha akasema: «Kumbe mimi ndiye niliyemficha mtoto.»

Basi, kama unataka kuiuliza mashini juu ya jambo gumu, sherti ufuate njia. Ni ile ile ambayo sisi tulifundishwa shuleni ya kumuuliza mgonjwa kabla ya kumgusa.

1. Sema ni nani: mtoto au mkubwa, miaka, kilo, mwanamke mwenye mimba au hapana.

2. Sema tangu siku gani, na nini kilianza mbele ya kingine.

3. Sema uliyoyaona kwa macho, si uliyoyawaza. «Meno yanatoka» ni wazo lako. «Ana moto mwilini na anatapika» ni jambo uliloliona. Ukianza na wazo lako, mashini itakufuata huko huko, hata kama ni njia ya kupotea.

4. Sema umempa dawa gani, hata zile za mizizi, hata zile ulizonunua barabarani. Usione haya.

5. Kisha andika maneno haya: «Kabla ya kunijibu, niulize kwanza habari unazokosa, moja moja.» Utashangaa. Mashini itaanza kuuliza sawa na mganga.

6. Mwishoni andika: «Niambie alama za hatari ambazo zikionekana sherti niende hospitali mara moja.» Soma jibu mpaka chini. Wengi wanasoma mistari miwili na kufunga.

Lakini mtoto akiwa na mshtuko wa degedege, akiwa hawezi kunywa, akipumua kwa shida au akiwa haamki, usiandike kitu. Mbebe uje. Hapo mashini haina kazi.

Sasa nageuka kwako, ndugu unayetoboa mawe. Habari yako ni ngumu kuliko ile ya mtoto, kwa sababu mtoto hafichi kwa makusudi.

Unaandika: «Dawa gani ni nzuri kwa kikohozi?» Mashini inakujibu: asali, maji ya moto, dawa ya chupa. Haukuandika kwamba unatoboa jiwe tangu miaka 14. Haukuandika kwamba maske inakaa shingoni wakati wa joto. Haukuandika kwamba ngazi uliyokuwa unapanda ukiimba, leo unaipanda ukisimama mara tatu. Bila habari hizo, mashini inamjibu karani wa ofisi mwenye mafua, si wewe.

Mawe ya nchi yetu yenye shaba yana silika ndani yake. Mavumbi yanayoumiza zaidi ni yale madogo ambayo jicho haliyaoni, ndiyo sababu hewa inaweza kuonekana safi na bado ni mbaya. Yanashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Mara nyingi ugonjwa unachukua miaka 10 au zaidi kabla ya kujionyesha, na makovu yale hayafutiki kwa dawa. Tena yanafungua mlango kwa kifua kikuu. Kifua kikuu chenyewe kinapona, kwa kawaida kwa dawa ya miezi 6 isiyokatwa, lakini sherti kionekane mapema.

Kwa nini ndugu yetu haandiki yote? Ninajua. Anaogopa. Anawaza: «Mganga akijua, ataandika kwamba sifai tena kwa kazi ya chini. Watoto watakula nini?» Siwezi kusema kwamba woga huo hauna sababu. Nimeuona machoni mwa watu ninaowaheshimu, wanaonizidi miaka, wakiniambia: «Hapana, mwanangu, ni baridi tu ya asubuhi.»

Hapa wazo langu halifanani na la wenzangu wote. Mimi naona mashini inaweza kutusaidia kwa jambo moja: haina macho ya kukuhukumu. Mambo usiyoweza kumwambia mganga mara ya kwanza, yaandike kwanza pale, peke yako, usiku. Andika miaka ya kazi, mavumbi, kupumua, damu katika makohozi, kukonda. Kisha iulize: «Nimwambie mganga nini, na nimuulize maswali gani?» Maswali hayo yaandike kwenye karatasi, uilete. Mtu mwenye karatasi hasahau, wala hatetemeki sana.

Lakini sherti uilete. Telefone haipigi picha ya mapafu. Telefone haipimi makohozi. Na sikiliza neno hili vizuri: ugonjwa ulioandikwa ndani ya telefone tu hauna haki yoyote. Magonjwa ya kazi yana nafasi yake katika CNSS, lakini kule wanasoma karatasi za mganga, hawasomi telefone yako. Mtu anayeficha kifua chake miaka mitano ili kulinda posho ya watoto anaweza kuwanyang'anya posho hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Kama unaogopa kuja peke yako, njoo na delege wa watumikaji.

Kuna maonyo machache tena. Usichukue kiasi cha dawa kutoka kwa mashini, zaidi sana kwa mtoto, ambaye dawa yake inahesabiwa kwa kilo zake. Mashini hizi zinaweza kutunga jambo lisilokuwapo na kulisema bila kutikisika. Zinajua Kiingereza na Kifaransa kuliko Kiswahili chetu. Ukiona jibu halielekei, omba mtu wa Kifaransa akusaidie kuuliza tena. Usiandike jina lako wala namba yako ya kazi. Na juu ya mashini za kiwanda, usiulize telefone namna ya kuondoa jiwe lililokwama kwenye ukanda: haijui ukanda wako una swichi ngapi wala nani ana ufunguo. Sheria ya kuzima, kufunga na kuhakikisha ndiyo inabaki.

Na sisi wa dispanseri, ni haki tujiseme. Asubuhi watu ni wengi, tunauliza haraka, tunaandika haraka. Mara nyingine mgonjwa anasema neno moja na sisi tumekwisha kuita mwingine. Kama watu wamependa kuiuliza mashini, labda ni kwa sababu mashini haiwakatizi maneno. Tukubali somo hilo. Kwa hiyo, ukiniletea karatasi yako nami nikaisoma mstari mmoja tu, una ruhusa ya kuniambia: «Mganga, soma mpaka chini.»

Ndugu mtumikaji, mama wa nyumba, ulizeni. Ulizeni mashini, ulizeni sisi, ulizaneni ninyi kwa ninyi. Lakini ulizeni kwa ukamilifu. Mficha ugonjwa kilio kitamfichua, walisema wazee, na siku hizi anaweza kuuficha hata ndani ya swali. Usiku wa leo, kabla ya kulala, chukua kalamu. Andika kifua chako kinasema nini. Kesho dispanseri iko wazi.