Gari za kurana: koltani ya Kivu haiingii ndani ya batri

Ulaya na Marekani, wapenzi wa gari wanabishana mpaka sauti zinakauka. Wamoja wanasema gari isiyonguruma si gari. Wengine wanawaonyesha Rimac Nevera, gari ya kurana ya Kroatia inayofika kilometa 100 kwa saa chini ya sekunde 2. Hyundai imetaka kupatanisha wote: kwenye Ioniq 5 N imeweka sauti ya moteri ya bandia na vitesi vya kuigiza, wakati ile gari haitumii esansi hata tone.

Kwa shofa aliyelala siku mbili kwenye matope ya barabara ya Bukavu–Walikale, hayo ni maneno ya wenye kushiba. Ila yanatugusa, na yanatugusa tofauti na vile wengi wetu wanafikiri.

Kwenye parking na kwenye mazungumzo ya mtaani, tunasikia mara nyingi kwamba gari za kurana ndizo zinaita koltani yetu. Eti zikienea duniani, Masisi itatafutwa zaidi, na zikishindwa tutapumua. Hapo watu wanachanganya madini mawili.

Kobalti ni ya batri

Madini ya batri ni kobalti, na inatoka upande wa Kolwezi na Likasi, si Kivu. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Lakini batri si za aina moja. Kuna zile zinazotumia kobalti na nikeli, na kuna zile za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti kabisa. Hizi za pili ni za bei chini, zinavumilia moto vizuri, ila kwa uzito uleule zinabeba kurana kidogo. BYD ya China inazitumia sana, na leo zimechukua karibu nusu ya soko la batri za gari duniani.

Kwa hiyo mpenzi wa gari akichagua bei nafuu mbele ya safari ndefu, Lualaba inasikia. Mwezi wa pili 2025, bei ikiwa imeanguka sana, serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje. Mwezi wa kumi ikaweka kipimo: tani 96.600 kwa mwaka 2026, vilevile 2027. Kupunguza kunapandisha bei, ndiyo. Lakini bei ikipanda sana, watengenezaji nao wanazidi kukimbilia batri isiyo na kobalti.

Koltani ni ya vyombo vya umeme

Koltani inatoa tantali. Tantali inatengeneza vipande vidogo sana vinavyotunza na kutuliza kurana ndani ya simu, kompyuta na vyombo vingine. Gari ya leo, iwe ya esansi, ya mazutu ao ya batri, iko na kompyuta ndani. Zile zinazojiendesha, kama teksi za Waymo zinazozunguka San Francisco bila shofa, zimejaa kamera, rada na kompyuta kubwa. Wapenzi wengi wa mbio hawazitaki, juu wanataka kushika usukani wao wenyewe. Lakini ashinde nani, vyombo vya umeme vitabaki.

Basi hatuwezi kungojea huo ubishi uishe ndipo tupate amani. Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. M23 waliikamata mwezi wa nne 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi za pale ziliwaingizia karibu dola 800.000 kwa mwezi. Mchimbaji anayeshuka kwenye shimo na mama anayebeba mfuko hawaulizwi kama gari itanguruma ao itanyamaza.

Marekani iliweka sheria mwaka 2010 inayodai kampuni kubwa zichunguze na kutangaza kama tantali, bati, wolframi na dhahabu zao zinatoka kwenye maeneo ya vita ya Kongo na nchi jirani. Kobalti haimo. Kutangaza ni hatua, ila mfuko ukivuka mpaka kwa njia ya siri na kupata karatasi za nchi nyingine, tangazo linabaki karatasi.

Mnunuzi wa gari anauliza mbio, bei na umbali wa safari. Swali la mfuko wa koltani umetoka shimo gani, na nani alikula kodi yake, halimo kwenye orodha yake. Sisi ndio wenye kuliuliza: kwa wabunge wetu, kwa wenye makontwari, na kwa kila mkubwa anayekuja kutuambia kwamba gari za kurana zitatutajirisha.