Afisa Ustawi Naye Aulizwe

Tumelipeleka toleo hili Tabora, na si kwa sababu ya asali yake. Katika karne ya 19 misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, eneo lililoitwa Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba takriban kilo 30 kila mmoja, mbali na mkeka na chungu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, anawaonyesha kuwa watu wa kazi yenye taratibu zake: walikula na kulala kwa makambi, walikuwa na viongozi wao, na waliweza kugoma posho ilipopunjwa. Hatusemi njia ile ilikuwa pepo. Wagonjwa waliachwa porini. Lakini hakuna tajiri aliyetarajia pembe za ndovu zifike pwani kwa moyo wa kujitolea peke yake.

Afisa ustawi wa jamii wa leo ndivyo tunavyomtarajia: afanye kazi kwa moyo huo peke yake. Asubuhi ana binti anayekaribia kuozeshwa, mchana mtoto aliyekutwa kwenye shamba la tumbaku Urambo, jioni taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayongojewa na mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kiutumishi yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Kitaaluma anaitazama wizara ya maendeleo ya jamii iliyoundwa Januari 2022. Shauri likimlemea hajui amwendee nani. Akisema, anaambiwa kazi hii ni wito, na wito siku hizi umekuwa kisingizio cha kumnyima mtu nauli.

Mwaka 2001 mtafiti Evangelia Demerouti na wenzake walichunguza wafanyakazi nchini Ujerumani, wakiwamo wa huduma kwa watu. Waliona mambo mawili tofauti: uzito wa kazi humchosha mtu, ilhali kukosa nyenzo na msaada humfanya ajitenge na kazi hata kama anasaini daftari la mahudhurio kila siku. Sisi tunadai ajira mpya, na ni haki. Ila ajira mpya hupunguza uchovu tu. Aliyejitenga hurudishwa na msimamizi anayesoma jalada lake, anayemuuliza shauri la juzi limemwachaje, anayesimama naye pale ukoo wa mtuhumiwa unapomtishia.

Waheshimiwa wakurugenzi, mwaka wa fedha huanza Julai. Wekeni kwenye bajeti kikao cha mashauri kila mwezi chini ya afisa mwandamizi, na mafuta ya pikipiki ya kuwafikisha walio kata za mbali. Kikao hicho hakihitaji jengo jipya wala mfadhili.