VIJANA WANAULIZA: TULIME WAPI?

Ndugu wanakijiji na wanachama wa ushirika,

Kila jioni pale barazani wazee tunasema neno moja tu: vijana wa siku hizi wavivu, wanakimbilia Dar es Salaam. Na kweli wanakwenda. Ukifika Gongo la Mboto au Mbagala utawakuta watoto wa Maneromango, wa Mzenga na wa Vikumburu wako juu ya pikipiki za watu, na usiku wanapeleka hesabu kwa tajiri. Wenzao wa Kibaha hata hawana haja ya kuhama, maana mji umewafuata mlangoni.

Basi mwezi uliopita tuliwaita vijana ghalani, tukawauliza wanaionaje kesho yao. Tulikuwa tumejiandaa kuwapa nasaha. Kijana mmoja akasimama akasema: "Wazee wetu, mnatuambia tulime. Haya, tulime wapi?"

Jamani, tulinyamaza. Hata sisi tunaoandika haya tulitazama chini, maana shamba la mikorosho alilotuachia marehemu baba, nusu yake imezungushiwa waya na bwana wa mjini, na sahihi iliyouza ni yetu.

Tusifichane. Mwaka 2009 kampuni ya nje ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 vya wilaya yetu ya Kisarawe ili ilime mbono wa kutoa mafuta. Vijana waliacha majembe ya nyumbani wakaandikwa kazi huko. Mwaka 2011 kazi ikasimama, na mishahara ikakoma. Kazi ilikufa upesi, lakini ardhi haikurudi upesi hivyo, kwa sababu ardhi ya kijiji ikishahaulishwa siyo ya kijiji tena.

Siku hizi ardhi inakwenda kidogo kidogo, ekari mbili hapa, tatu pale. Mzee anauza, anaezeka bati, anafanya harusi, fedha inakwisha. Mtoto anabaki na jembe lisilo na mahali pa kushuka. Kisha tunamwita mvivu! Mchuma janga hula na wa kwao.

Na vijana nao wasicheke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Siku ya mkutano tunawaona wangapi? Sisi tulijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, na kitu cha kwanza tulichokisoma wenyewe mpaka mwisho kilikuwa muhtasari wa mkutano. Tuliona mengi humo. Ninyi mliofika kidato cha nne mnashindwa nini?

Hatusemi kijana asiende mjini. Anayetaka ufundi, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo Kibaha, aende akasome. Tunachosema ni kwamba aende kwa kupenda, siyo kwa kukosa pa kulima.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Mkutano Mkuu ujao, kabla ya kusikiliza ombi la mnunuzi yeyote, utenge eneo la vijana, wasichana wakiwemo.

2. Ushirika uwakopeshe miche ya mikorosho na salfa, walipe kwa mavuno. Mkorosho huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Wakati wakingoja, walime mihogo na kunde humo humo.

3. Anayetaka kuuza ardhi ya ukoo awaite watoto wake kwanza, awaambie usoni.

Wapo watakaosema katibu anajipaka matope mwenyewe. Sawa. Afadhali matope ya leo kuliko laana ya wajukuu. Kijana yule bado anangoja jibu, nasi tusimjibu kwa hotuba. Tukutane mkutanoni, wazee na vijana, na kila mtu aje na neno lake.

Katibu wa Tawi